Ghala la maudhui ni nini, na linawekwaje kwenye seva ya Java

Tuseme kuna ofisi Mji Mkongwe inayotunza kumbukumbu za milango ya kuchonga. Mlango mmoja una picha moja, mwengine una kumi pamoja na hati ya Kiarabu iliyoskaniwa, wa tatu una tarehe ya ukarabati tu. Ukivitia vyote kwenye majedwali ya hifadhidata, utakuwa unaongeza safu kila wiki. Ukiviweka kwenye mafolda matupu, picha utaziona, lakini hutoweza kuuliza milango ipi ya Shangani imekarabatiwa baada ya 2000.

Ghala la maudhui linashika pote pawili. Vitu vinapangwa kama mti wa mafolda, na kila kitu, kiitwacho nodi, kinabeba sifa zake chenyewe: mtaa, tarehe, picha. Nodi inafikiwa kwa njia kama /milango/shangani/0147, inatafutika, na ikitakiwa inahifadhi matoleo yake ya nyuma. Kwa Java kuna kanuni ya pamoja ya kazi hii, JCR, iliyopitishwa 2005 na kupata toleo la pili 2009. Programu inayotumika sana kuifuata ni Apache Jackrabbit, nayo ni ya bure.

Kuiweka kwenye Tomcat, seva inayoendesha programu za wavuti za Java, ni jambo dogo: unatia faili la WAR, yaani programu nzima iliyofungashwa, kwenye folda ya webapps, na faili la jar la JCR, kifurushi cha madarasa ya Java, kwenye folda ya lib, basi. Kazi khasa ni kuamua data ikae wapi.

Jackrabbit ina folda yake ya makao, ambamo data hukaa. Ukifungua ukurasa wake mara ya kwanza, inapendekeza jina fupi tu, "jackrabbit", bila njia kamili. Wengi wanakubali na kuendelea. Jina hilo linahesabiwa kuanzia folda ambamo Tomcat imewashwa, kwa hiyo akija mtu mwengine akaiwasha kutoka folda tofauti, ukurasa ule wa mwanzo unajitokeza tena kana kwamba ghala halijawahi kuwapo. Ofisi nzima inashika kichwa, kumbe data iko pale pale. Baya zaidi ni kuyaweka makao ndani ya webapps: ukiiondoa programu ili uweke toleo jipya, Tomcat inafuta folda yake yote, na picha zako zimo. Andika njia kamili, nje ya Tomcat, mfano /var/ghala/milango.

Mipangilio yenyewe iko kwenye repository.xml, na hapa pana mtego. Sehemu ya Workspace, yaani eneo la kazi ambamo mti wa nodi hukaa, ndani ya faili hilo ni kiolezo tu. Eneo la kazi likishaundwa linapata workspace.xml yake, na kuanzia hapo hiyo ndiyo inayosomwa. Unaweza kubadilisha repository.xml mpaka usiku wa manane, eneo la zamani lisijue lolote.

Kwa picha nzito, washa DataStore, hifadhi ya pembeni ya mafaili makubwa. Kila faili linapewa jina linalokokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa hivyo picha ile ile ikipakiwa mara mbili inahifadhiwa mara moja. Ukifuta nodi, faili halitoki papo hapo. Husubiri usafishaji ufanywe.

Halafu umeme. Kisiwa cha Unguja, kilichokaa bila umeme wa gridi tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, hakihitaji kuelezwa kwa nini seva iwe na betri. Umeme ukikatika ghafla, faili la .lock, alama kwamba makao yanatumika, linabaki kwenye makao. Jackrabbit ikiwaka tena huandika onyo, kisha huendelea. Ikikataa kuwaka na kusema makao yanatumika, usikimbilie kulifuta faili hilo. Tazama kwanza kama kuna Java nyengine bado inafanya kazi, kwa sababu makao hufunguliwa na ghala moja tu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ikiwa programu mbili za ofisi zinataka milango ile ile, usiipe kila moja Jackrabbit yake. Sajili ghala moja kwenye Tomcat kupitia JNDI, daftari la majina ambamo programu za Java hutafuta vitu vya pamoja, zote mbili zilichukue hapo. Faili la jar la JCR liwe kwenye lib ya Tomcat, si ndani ya kila programu. Vyenginevyo utapata kosa la ClassCastException, yaani Java inakataa kukipokea kitu kama cha aina iliyotakiwa, kwani kwa Java darasa lililopakiwa mara mbili ni madarasa mawili, hata majina yakifanana herufi kwa herufi.