Kung'oa thamostati si dawa ya gari linalochemsha

Kampala utasikia ushauri huu kila mara: gari likichemsha, ng'oa thamostati, yaani vali ya maji ya kupoza injini, kwani nchi yetu ni ya joto. Si kweli, na inaumiza injini.

Thamostati hubaki imefungwa mpaka maji yafike nyuzi 82 hadi 90 hivi, ndipo hufunguka yapite kwenye rejeta yapoe. Iwe Uganda au Ulaya, injini inahitaji joto lile lile. Bila kifaa hicho huchelewa kupata moto, hula mafuta na kusagika mapema. Kama kimekwama, kitoe, lakini weka kipya.

Gari la zamani likianza kuchemsha baada ya injini kufunguliwa nyumbani, mimi huanza na hewa iliyonaswa kwenye mabomba. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa, ongeza maji polepole hadi mapovu yaishe. Yasipokoma, shuku gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake. Kagua na mfuniko wenyewe: Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ni mfuniko mzima unaoshikilia shinikizo ili yasichemke mapema.