Ukichomolewa simu Paris, wahi laini kwanza

Nasindikiza magroup kutoka Dar kwenda Ulaya, na swali naloulizwa kila safari ni lile lile, hela niifiche wapi. Hela siyo ishu kivile. Wachomoaji wa Paris wanaitaka simu.

Metro namba 1, ile inayopita Louvre na Champs-Élysées, umesimama mlangoni unachati, mlio wa kufunga milango unalia, mkono unapita, jamaa huyo nje na milango ishafunga, treni inaondoka na wewe ndani unapiga kelele za Kiswahili. Kwahiyo simama katikati, simu ndani. Kule Sacré-Cœur kuna wale wa kukufunga uzi mkononi alafu wanadai hela, na wasichana wa kusainisha makaratasi, ile karatasi inafunika pochi yako wakati we unaandika jina. Pita kimya, najua kwetu kutoitikia salamu ni aibu ila hapo jikaze tu.

Sasa kuna mama mmoja nilikuwa naye, kachomolewa, mi nahangaika na simu yeye ananiambia, "Mwanangu, simu nilishaichoka, laini ndo ina hela za kikoba." Yani alikuwa sahihi kuliko mimi. Simu iliyofungwa mwizi haifungui kirahisi, ila laini anaichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine, kama haina PIN yake basi zile namba za uthibitisho za benki na WhatsApp zinazokuja kwa meseji zote zinaingia kwake. Na wabongo wengi PIN ya hela ni mwaka wa kuzaliwa, na kitambulisho kimekaa kwenye kava la simu hiyo hiyo, jamani!

Zile namba fupi za huduma kwa wateja usizitegemee ukiwa nje, andika namba ndefu yenye +255 kwenye karatasi. Sisi aliyetuokoa ni binti wa yule mama, yuko Tabata, akapiga yeye huduma kwa wateja laini ikafungwa. Kurinyu, yani kupewa laini mpya yenye namba ile ile, ikasubiri mama arudi, maana wanataka alama za vidole, hakuna wa kukuwakilisha. Siku hizi group langu lote laini ya hela inakaa kwenye kitochi, kitochi kinabaki hotelini kwenye sefu, na paspoti pembeni yake, we tembea na kopi. Viza ya Schengen, ile ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, imebandikwa ndani ya paspoti, ikienda zimeenda zote, ubalozi utakupa hati ya dharura ya kurudia nyumbani na safari imeishia hapo.

Polisi ni 17 au 112, nenda kituoni uandikiwe ripoti hata kama huna imani nao. Ile bima ya viza ya euro 30,000 ni ya matibabu na kukurudisha nyumbani, watu wanadhani inalipa simu, hailipi. Ya mizigo unakata mwenyewe, na bila karatasi ya polisi usisumbuke kudai.

Alafu usiitoe simu kwenye akaunti yako, ukiitoa umemfungulia mwizi. Wiki mbili tumesharudi yule mama kanitumia skrinshoti, meseji imeandikwa simu yako imepatikana, bonyeza hapa uweke nywila. "Mwanangu wameipata!" Nikampigia hata sijamaliza kusoma, kidole kilikuwa tayari kiko juu ya linki ya wezi.