Kufoka si msimamo: wanawake wanaosimamia saiti za ujenzi

"Mafundi wa kiume hawasikii mpaka uwafokee." Wahandisi wanawake wanarithishana ushauri huu kama mali ya ukoo, na unawaponza. Ukifoka, mazungumzo yanahama kwenye zege yanakuja kwenye hasira zako. Mwanaume akifoka ni mkali wa kazi, wewe una kisirani. Ni dhuluma, na si ya saiti tu: Marekani, Ann Hopkins alinyimwa ubia katika kampuni ya Price Waterhouse, akashauriwa atembee, aongee na avae kike zaidi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kumpima mfanyakazi kwa mitazamo ya namna hiyo ni ubaguzi wa kijinsia.

Kinachosikika ni agizo fupi, sababu inayopimika, muda, kisha kimya. Tuseme mafundi wameongeza maji kwenye zege la nguzo ili liwe laini kumwaga. Sema: "Zege hili halimwagwi. Maji yamezidi kipimo, nguvu itashuka. Changanyeni jingine, nakuja kulikagua saa tano." Nyamaza hapo. Wengi wanaharibu kwenye kimya hiki. Wakitazamwa sekunde tatu tu wanaanza, "Yaani si kwamba nadharau kazi yenu, ila…", na agizo limeshakuwa ombi. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Fomeni akibisha, rudia sentensi ya kwanza vilevile, kwa sauti ileile. Usitafute sababu mpya, maana kila sababu mpya ni kitu kingine cha kubishia. Na sauti ishuke mwisho wa sentensi. Ikipanda, umeuliza swali. Kisha andika agizo kwenye daftari la saiti, na saa uliyolitoa. Tafadhali usiliruke hili.

Eti shikamoo kwa fomeni mwenye umri wa baba yako inakushusha? Hapana. Shikamoo ni ya umri, agizo ni la kazi. Amkia, subiri marahaba, agiza. Kinachokushusha ni "samahani, sijui kama niko sahihi" mbele ya jambo ulilolipima kwa mikono yako.

Na wazo lako likirudiwa na mwanaume kikaoni likapokelewa, kulidai si uchoyo. Lidai palepale, bila lawama: "Nashukuru mmeliunga mkono pendekezo langu. Hatua inayofuata ni hii." Hakikisha katibu ameandika jina lako kwenye muhtasari kabla kikao hakijafungwa, maana ukifuatilia keshokutwa, kila mtu atakuwa na kumbukumbu yake.