Binadamu tunduni: tunayoyadhani na yaliyoandikwa

Mtajie mtu hadithi za viumbe wa sayari nyingine wanaoteka binadamu, naye atakuchorea picha ile ile: chombo cha anga chenye umbo la kisahani na taa, meza ya upasuaji, kisha shujaa anachoropoka na silaha mkononi. Hiyo ni sinema. Ukifungua vitabu vyenyewe, mara nyingi mateka ana shida nyingine kabisa: atamfanyaje mlinzi wake aamini kwamba hakufungia mnyama?

Dhana: hadithi hizi zilizaliwa na habari za visahani. Habari hizo zilivuma Marekani mwaka 1947. Riwaya ya The War of the Worlds ya H. G. Wells ni ya 1898, na humo wavamizi kutoka Mirihi wanakamata watu kama kuku, wanawatupa kwenye kikapu cha chuma, halafu wanavuta damu ya mateka aliye hai na kuipitisha kwenye mishipa yao. Kabla hujawalaani, sura ya kwanza inakukumbusha walichofanyiwa wenyeji wa Tasmania, kisiwa cha Australia, na walowezi wa Kizungu. (Wells aliandika kwamba walitoweka wote. Alikosea, vizazi vyao vipo hadi leo.)

Dhana: watekaji wanataka nyama au watumwa. Wapo wa hivyo. Wengine wanataka kutazama tu, na kwangu hao ndio wanaotisha zaidi. Katika Slaughterhouse-Five ya Kurt Vonnegut (1969), Billy Pilgrim anakaa uchi ndani ya kuba, kwenye bustani ya wanyama ya sayari ya Tralfamadore. Samani zake zimeibwa kwenye ghala la maduka ya Sears huko Iowa, Marekani. Kioo cha televisheni kimebandikwa picha ya mchunga ng'ombe akimuua mwenzake. Watazamaji hawajui binadamu mzuri anafananaje, basi wanamwona Billy kuwa mfano bora wa aina yake. Vonnegut mwenyewe aliwahi kuwa mateka wa vita, akafungiwa kwenye machinjio ya Dresden, Ujerumani, mwaka 1945. Wala bustani ya wanyama yenye mtu ndani haikuhitaji kubuniwa: mwaka 1906 Ota Benga, kijana kutoka Kongo, aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya Bronx, New York.

Dhana: mwenye akili hujulikana, afungue tu mdomo. Hapa ndipo waandishi walipochimba kweli. Pierre Boulle, aliyeonja kifungo huko Indochina, kusini-mashariki mwa Asia, wakati wa Vita Kuu ya Pili, alimtia msafiri wake Ulysse Mérou kwenye tundu lenye majani makavu katika La Planète des singes (1963), yaani Sayari ya Nyani, ambako masokwe ndio wanaotawala. Ulysse anatabasamu, anaongea Kifaransa cha adabu. Wapi! Masokwe wanaona kiumbe anayeigiza. Wanampigia filimbi na kumwonyesha tunda, waone kama mate yatamtoka. Kinachomwokoa ni kalamu: anachukua daftari la Zira, sokwe mtafiti, na kuchora kanuni ya Pythagoras, ile ya hesabu za pembetatu. Zira anaelewa mara moja kwamba huyu si mnyama wa maabara. Ila hebu jiulize ni wangapi kati yetu wangeikumbuka kanuni hiyo wakiwa uchi na wamefungiwa.

Mwandishi mwingine, A. Bertram Chandler, katika hadithi fupi ya 1957, hakuwapa mateka wake hata kalamu. Hakuna wanachofanya kinachowashawishi watekaji, mpaka siku wanapomnasa mnyama mdogo aliyeingia kwao na kumtengenezea kitundu chake. Kumbe hicho ndicho kithibitisho kilichokuwa kinangojewa: wenye akili ndio wanaofungia wengine. Wanaachiliwa.

Dhana: kifungo cha Ulysse kinatokea Duniani. Hiyo ni filamu ya 1968 iliyotokana na kitabu hicho. Kitabuni ni sayari Soror, kwenye nyota ya Betelgeuse, kwa hiyo kiumbe mgeni ni Ulysse.

Dhana: mwishoni wanatoroka. Wa Chandler walifunguliwa mlango. Katika riwaya ya Wells ya 1901 kuhusu safari ya mwezini, msafiri Bedford anajinasua kwenye minyororo yake ya dhahabu na kurudi Duniani, lakini mwenzake Cavor anabaki. Anatuma ujumbe kwa mawimbi ya redio, na ndani yake tunasoma jinsi alivyomsimulia mtawala wa mwezi, bila hila yoyote, namna binadamu wanavyopigana vita. Baada ya hapo ujumbe unaanza kuvurugwa. Neno la mwisho linafika likiwa na herufi pungufu.