Je, wajua kwa nini fundi wa simu vitani alikimbilia kulekule makombora yalikoangukia?

Mnamo Agosti 1915, kwenye mlima Chunuk Bair katika rasi ya Gallipoli, Uturuki, koplo wa New Zealand aitwaye Cyril Bassett alivuta waya wa simu mchana kweupe, risasi zikimiminika. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa karani wa benki mjini Auckland. Waya ulipokatika, yeye na wenzake walirudi kuuunga. Ukakatika tena, wakarudi tena, usiku na mchana.

Kwa nini wasitumie redio? Redio za wakati ule zilikuwa mizigo mizito, hazikufaa kupandishwa mlimani katikati ya mapigano. Bila simu, anabaki tarishi wa kukimbia na karatasi mkononi. Akiuawa njiani, ujumbe umekufa naye, na mizinga iliyo nyuma haijui wenzao wako wapi.

Tatizo ni kwamba waya ulilazwa juu ya ardhi tu. Baadaye kule Ufaransa walifukia nyaya futi 6 kwenda chini, lakini mlima uliotekwa punde hauna muda wa kuchimbwa hivyo.

Fundi aliushika waya, akaufuata akitambaa mpaka ukakoma mkononi. Hapo sasa ndipo kazi. Ncha ya pili huenda imerushwa mbali na mlipuko, naye anaisaka, gizani akipapasa kwa vidole. Akiipata, anamenya ganda kwa kisu, anasokota nyuzi, anafunga utepe, kisha anachomeka simu yake ndogo na kuita pande zote mbili. Upande mmoja ukikaa kimya, pana mkato mwingine, safari inaendelea.

Kwangu mimi, kinachotisha zaidi ni hiki: waya hukatika pale adui anapopiga. Wengine wanapojibanza, yeye ndiyo kwanza anatoka, na mikono yote miwili ina kazi, hata bunduki hawezi kuishika.

Risasi zilitoboa nguo za Bassett, mwili haukuguswa. Mwenyewe alidai ni ufupi wake tu, zilimpita juu. Alitunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa katika majeshi ya Uingereza na makoloni yake, askari pekee wa jeshi la New Zealand kuipata Gallipoli. Hilo halikumfurahisha. Kwa maoni yake, waliostahili nishani ile pale walikuwa mamia.