Lori Likitapika Maji ya Rejeta: Chunguza Kwanza Kabla ya Kufungua Silinda Hedi

Kila msimu wa kusomba tumbaku kutoka Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, malalamiko yanayofika kwetu wakaguzi wa magari ni yaleyale: "Tumezuiwa kwa sababu ya maji tu." Tunaamini wengi wanasema hivyo kwa nia njema. Lakini kulanti, yaani maji ya dawa ya kupozea injini, ikimwagika kwenye lami inateleza, na lori lililochemsha huishia kuegeshwa kwenye kona au mlimani, ambako anayekuja nyuma hana pa kukimbilia. Tena malori mengi ya zamani yanafunguliwa injini bila sababu, kwa kuwa hakuna aliyeuliza swali la kwanza: maji yanamwagika wakati gani?

Kama rejeta imejazwa hadi shingoni na lori halina chupa ya akiba, itatema kidogo baada ya kupata moto, kisha itatulia. Hapo hakuna ubovu. Maji yakipata moto hutanuka, na mfumo wa lita 20 unaweza kusukuma nje karibu robo tatu ya lita. Acha nafasi ya vidole viwili chini ya shingo. Dereva anayejazia kila asubuhi ndiye anayelisha tatizo analolilalamikia.

Likitapika kwenye mlima au likiwa na mzigo mzito, anza na mfuniko. Tabora mjini iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, yaani mgandamizo wa baa 0.9, huyafikisha karibu nyuzi 116 kabla hayajachemka. Ukifunga kopo la plastiki, kitambaa au mfuniko wa gari dogo lenye kipimo kingine, umeitupa kinga hiyo yote. Soma namba iliyo juu ya mfuniko, kagua mpira wa chini kama umekatika au umekakamaa, na hakikisha kivalvu kidogo cha katikati kinarudi ukikivuta. Kikikwama, injini ikipoa bomba la mpira la rejeta hunywea na maji yaliyohamia kwenye chupa ya akiba hayarudi.

Kisha angalia upepo unaopita kwenye rejeta. Mbegu za nyasi na vumbi la tumbaku huziba mapezi. Yaoshe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, ukimwagia kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu ukipiga kutoka mbele unazidi kushindilia uchafu ndani. Mkanda wa feni ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ya puli mbili ushuke kama milimita 10 hadi 15.

Sasa themostati, yaani kivalvu kinachofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakishapata moto. Tunasema tena: kuitoa "kwa sababu ya joto la kwetu" ni kosa. Katika injini nyingi, themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mteremko injini inakuwa baridi na kula dizeli, kwenye mlima inachemsha. Ukiishuku, iweke kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu yake. Isipofunguka, nunua nyingine yenye namba hiyohiyo.

Likitapika injini ikiwa bado baridi, dakika mbili tatu tu baada ya kuwashwa, na mpira wa juu, yaani bomba la mpira la juu la rejeta, ukawa mgumu kabla hata haujapata joto, kuna hewa inayoingia kwenye maji. Hapa ndipo mafundi wengi hukimbilia kusema "gasketi ya hedi imeungua", yaani kizibo kilicho kati ya injini na silinda hedi, kifuniko chake cha juu. Huenda ni kweli. Lakini lori lenye breki za upepo lina kompresa, yaani pampu ya upepo, na nyingi kati ya hizo zinapozwa na maji hayahaya ya injini. Gasketi ya kompresa ikipasuka, upepo wa breki unaingia kwenye rejeta, na dalili zinafanana kabisa.

Zitenganishe hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi, weka kabari kwenye matairi, toa upepo wote kwenye matangi, fungua mfuniko na uwashe. Tazama mapovu shingoni wakati geji ya upepo inapanda. Yakikoma upepo ulipojaa na gavana, yaani kidhibiti kinachoipumzisha kompresa, ikapumua, ishuku kompresa. Yakiendelea vilevile, ishuku gasketi ya hedi au hedi yenye ufa. Kuthibitisha, tenga mipira miwili ya maji ya kompresa, ziba matundu ya upande wa injini, washa kwa dakika moja tu na utazame tena. Usiendelee zaidi, kompresa isiyo na maji inaungua.

Mfuniko wa rejeta ya moto usifunguliwe. Subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu bila kuungua. Usimwagie injini maji baridi, hedi itapasuka. Maji ya chumvi ya Uvinza yasiingie kwenye rejeta hata kwa dharura ndogo, yanakula chuma na kuacha magaga. Kulanti ya zamani ni sumu yenye ladha tamu inayowavuta watoto na mifugo. Ikinge kwenye dumu lenye kifuniko, isimwagwe mtaroni wala Malagarasi.

Kuhusu adhabu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza kuendesha chombo kibovu. Tozo ya papo kwa papo hutozwa kwa kila kosa, kwa hiyo ubovu wa gari na kukosa pembetatu za kuakisi vinahesabiwa mbali mbali. Matawi ya miti si pembetatu, hata yakiwa mengi. Utapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, nawe utalipa benki au kwa simu. Usimkabidhi askari fedha taslimu, na hifadhi risiti. Kulipa tozo hakuliruhusu lori kuendelea na safari likiwa bado bovu. Ukilirudisha kukaguliwa, lilete likiwa limepoa, pamoja na kifaa cha zamani kilichobadilishwa, ili mkaguzi afungue mfuniko papo hapo na kuona mapovu kama bado yapo.