Tozo ya bustani kwa wapima viwanja: yanayosemwa Mbeya na ukweli wake

Kila mkutano wa mtaa wetu, huku upande wa Uyole, ukifika kwenye suala la watoto kukosa pa kuchezea, lazima mtu asimame aseme: "Hawa wanaonunua mashamba, wanayapima na kutuuzia viwanja, walipishwe. Bustani itapatikana." Wazo ni zuri na ninaliunga mkono kwa moyo wote. Ila limezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na hayo ndiyo yanayoweza kutunyima bustani yenyewe.

Kubwa kuliko yote ni hili: kwamba pesa ikipatikana, bustani imepatikana. Hapana. Bustani kwanza ni ardhi. Nilisimama mbele ya mchoro wa mipango miji wa eneo letu, nikaweka kidole kwenye kipande cha kijani kilichoandikwa "eneo la wazi". Kisha nikatembea hadi pale. Nikakuta tanuri la matofali lililopoa, msingi wa nyumba uliokwisha kumwagwa zege, na bikoni moja, ile nguzo ya kuonyesha mpaka, imelala ubavu kwenye majani. Watoto walikuwa barabarani na mpira wao wa mifuko ya nailoni, wakipisha bajaji kila baada ya pasi mbili tatu. Nyumba ile ikishaezekwa, tozo yoyote tutakayokusanya itabidi ilipie kiwanja, nyumba na kesi juu yake.

California, huko Marekani, wanao utaratibu huu tangu 1965, kwa sheria inayoitwa Quimby, na wao walianza na ardhi. Mtu anapogawa eneo lake kuwa viwanja vya makazi, mji unaweza kumtaka atoe ardhi ya bustani, alipe pesa badala yake, au afanye vyote viwili. Kipimo cha kawaida ni ekari 3 kwa kila wakazi 1,000, na kinaweza kufika ekari 5 pale ambapo mji tayari una bustani za kiwango hicho. Mgawanyo wa viwanja 50 au pungufu kwa kawaida hudaiwa pesa tu, na naona ni busara, maana ardhi ambayo ingetoka hapo ni ndogo mno.

Tupige hesabu hiyo kwa huku kwetu. Mradi wa viwanja 200, kila nyumba watu 5, ni watu 1,000. Ekari 3 ni kama mita za mraba 12,000: uwanja kamili wa mpira, na bado ikabaki nafasi ya bembea, mabenchi na miti ya kivuli. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba mwenye mradi mkubwa atoe ardhi, pesa iwe ya wenye miradi midogo. Na ardhi hiyo isiwe korongo. Mbeya yetu ni ya milima na mabonde, na ni rahisi mno kumpa mwananchi kile kipande kilichoshindikana kuuzwa, kisha kikaitwa bustani.

Wapo wanaosema mpimaji ni tajiri, atalipa yeye. Mara nyingi mzigo huo hugawanyika. Akiijua tozo kabla ya kununua shamba, atampunguzia bei mama anayeuza shamba lake la viazi. Akiijua baada ya kununua, atajaribu kuipachika kwenye bei ya kiwanja. Hiyo si sababu ya kuiacha. Ni sababu ya kuitangaza mapema, kiwango kikiwa wazi na kilekile kwa wote, ili asiwepo wa kushtukizwa.

Wengine wanataka alipe hata upungufu wa mji mzima, kuanzia Mwanjelwa hadi Iyunga. Haki haiendi hivyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme katika mji wa Tigard, Oregon. Aliomba kupanua duka, mji ukamtaka atoe sehemu ya ardhi yake kando ya kijito iwe eneo la kijani, na nyingine iwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli. Mahakama ikasema mji lazima uonyeshe kwamba unachodai kinalingana na athari ya ujenzi wenyewe. Mwaka 2024 ikaongeza kwamba hata tozo iliyopangwa kwa sheria ya jumla haikwepi kipimo cha namna hiyo. Hukumu hizo hazitubani sisi, lakini mantiki yake inatufaa: anayeleta watu 1,000 alipie nafasi ya watu 1,000. Upungufu wa zamani ni wetu sote, kupitia bajeti ya Jiji.

Pesa ya Quimby pia hailipi mshahara wa mfyeka nyasi. Ni ya kununua ardhi, kujenga au kukarabati. Matunzo yanahitaji fungu lake kila mwaka.

Na kwa anayesema pesa italiwa tu: kule California, mji usipoipangia kazi ndani ya miaka 5, hurudishwa kwa wenye viwanja. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuandikwa kwenye sheria ndogo ya halmashauri, pamoja na akaunti ya peke yake. Msingi wa kuanzia tunao. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inamtaka anayeendeleza ardhi mjini apate idhini ya mamlaka ya upangaji, na hapo ndipo masharti huwekwa.

Kwenye mchoro wetu bado kuna kipande kimoja cha kijani ambacho hakijaguswa, nyuma ya mikaratusi. Nimeomba kamati ya mtaa ipewe nakala ya mchoro, na bikoni zake zisimikwe kwa zege kabla ya mvua za Novemba.